Akina Mama Guka Wawili Katika Sanduku Moja

Kwa majuma kadhaa katika miaka ya tisini nilichanganyikiwa na ugonjwa ambao haukuwa wangu. Sikuwa nimeugua. Nilisomewa tu, kwenye skrini ya kompyuta ya zahanati ya kanisa letu pale mtaa wa Umoja, kwamba dawa za salfa zingeweza kuniua. Hatimaye nilielezwa jambo hilo lilivyotokea, nikaelezwa tena kwa mchoro, na nikaitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu walivyoniitikia walipotaka kwenda nyumbani. Hata sasa, katika umri wa makamo na baada ya kusoma vitabu vingi, sina hakika kwamba nimelielewa.

Yanipasa nianze na majina. Kwetu, sisi watu wa sehemu za kati za nchi, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba. Mzee mwenye wana kadhaa waliooa atakuwa na wajukuu kadhaa wenye jina lake, na mgeni akiingia kwenye arusi ya familia na kuita jina hilo, ataitikiwa kutoka kila pembe ya hema. Nyumbani mtoto huyo huitwa Guka, maana yake babu, kwa heshima ya aliyempa jina. Mama yake naye, tangu siku ya kujifungua, huacha kuitwa jina lake la ubatizo na kuwa Mama Guka. Jina lenyewe la mzee sitaliandika hapa. Guka linatosha.

Mume wangu alikuwa kifungua mimba kwao, na mimi nikawa Mama Guka. Ndugu yake mdogo aliishi mtaa wa Fedha, na mkewe naye akawa Mama Guka. Yeye na mimi tuliitana "mke mwenza" kwa utani, kama wafanyavyo wake wa ndugu. Kati yetu palikuwa na jambo dogo ambalo halikutajwa wakati wa chakula: Guka wake alizaliwa mwaka mzima kabla ya Guka wangu. Kwa umri wa waume, mimi nilikuwa wa kwanza. Kwa umri wa watoto, yeye alikuwa wa kwanza. Mama mkwe, ambaye hakupenda kesi, alituita Mama Guka wa Umoja na Mama Guka wa Fedha, na mambo yakatulia hapo.

Sasa niseme habari ya salfa. Miaka michache kabla ya kompyuta kufika, mke mwenza alirudi na malaria kutoka kwa dada yake katika mashamba ya mpunga ya Mwea. Alipewa dawa iliyokuwa ya kawaida wakati huo, dawa yenye salfa. Kesho yake midomo ilimfura, kisha ngozi ya mgongo na mapaja ikaanza kubambuka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Nilikaa naye hospitalini mchana, nikimtilia uji kinywani kwa kijiko cha chai kwa kuwa kinywa hakikufunguka zaidi ya hapo. Daktari alimwambia mbele yangu kwamba akiimeza tena dawa hiyo huenda asipone. Aliporudi Fedha, zahanati ya huko iliandika onyo hilo kwa wino mwekundu juu ya kadi yake.

Kanisa letu lilikuwa na zahanati mbili, moja Umoja na nyingine Fedha, na kila moja ilikuwa na kadi zake. Kadi za akina mama hazikuandikwa majina ya vitambulisho. Vitambulisho vilibeba majina ya baba zao au ya waume zao, na wengi wao walikwishasahau kuyaitikia. Muuguzi alipofungua mlango na kuita jina la ubatizo, benchi lote lilitazamana. Alipoita Mama Fulani, mtu alisimama papo hapo. Kadi ziliandikwa hivyo kwa sababu ndivyo watu walivyoitika, na katika kila zahanati peke yake utaratibu huo haukumkosesha mtu dawa.

Kisha mwenye nyumba iliyokuwa na zahanati ya Fedha akaitaka nyumba yake, na kamati ya zahanati ikaamua kwamba wagonjwa wote wahudumiwe Umoja. Wakati huohuo wafadhili walikuwa wametuletea kompyuta iliyotumika. Mshiriki mmoja wa kanisa, karani wa hesabu katika ofisi moja mjini, mwimbaji wa besi kwenye kwaya, alijitolea kuingiza maonyo ya zahanati zote mbili ili muuguzi ayasome mahali pamoja. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili katika shule ya msingi na katibu wa kamati. Jumamosi moja nikaenda kushuhudia kazi hiyo ili niitolee taarifa.

"Mwalimu, karibu uone maajabu," karani akaniambia, akinisogezea kiti. "Hapa hakuna kuandika mambo mingi. Ni kuchora tu."

Kweli, ilikuwa kuchora. Kwenye skrini palikuwa na masanduku madogo, na kwa kipanya aliweza kuyavuta huku na huku kama mtu anayepanga sufuria jikoni. Kutoka sanduku hadi sanduku alivuta mistari. Alinieleza kwamba kinachotoka katika sanduku moja hupita kwenye mstari na kuingia katika jingine.

"Hii ni kamusi ya Umoja. Hii ni kamusi ya Fedha."

"Kamusi?"

"Ndiyo jina lake. Upande huu kuna ufunguo, hapa ni jina la mama. Upande huu kuna thamani, yaani lile onyo. Ukimpa ufunguo, anakurudishia thamani. Kama vile wewe unatafuta neno unapata maana."

Nilifurahi kusikia neno ninalolijua. Akavuta mstari kutoka kamusi ya Umoja hadi sanduku la tatu, kisha mwingine kutoka kamusi ya Fedha hadi sanduku hilohilo, akabonyeza. Sanduku la tatu, alisema, limekunywa zote mbili. Nikamwomba anionyeshe jina langu, kwa sababu ni tabia yangu kupima kitabu chochote kwa kutafuta ndani yake jambo ninalolijua tayari. Akaandika Mama Guka. Skrini ikajibu: salfa, hatari, asipewe kamwe.

"Huyu si mimi," nikasema.

"Si wewe ni Mama Guka?"

"Ni mimi."

"Basi ni wewe."

"Mimi nina vidonda vya tumbo. Sipaswi kupewa aspirini. Salfa haijawahi kunidhuru."

Muuguzi, mama wa makamo kutoka upande wa Machakos ambaye sote tulimwita Sista, alikuwa akikunja bandeji kando yetu. "Mwalimu," akasema bila kuinua macho, "wacha kubishana na mashine. Imesoma kukushinda."

Karani hakucheka. Aliing'oa mistari yote miwili, akaivuta upya, safari hii Fedha kwanza na Umoja baadaye. Akaandika tena Mama Guka. Skrini ikajibu: vidonda vya tumbo, asipewe aspirini. Nikashusha pumzi, nimerudishiwa tumbo langu. Kisha nikakumbuka kijiko cha uji.

"Na mke mwenza wangu wa Fedha yuko wapi?"

Akatafuta. Akatafuta tena. "Hayuko," akasema. Halafu akajisahihisha: "Yaani yuko, lakini ni wewe."

Alinieleza kwa subira. Kamusi ya mashine si kama yangu ya shuleni, ambamo neno moja laweza kuwa na maana ya kwanza na ya pili na ya tatu zilizopangwa chini yake. Hii huweka thamani moja kwa kila ufunguo. Kamusi mbili zikiunganishwa na ufunguo uleule umo katika zote mbili, inayoingia mwisho ndiyo inayobaki.

"Ile ya kwanza inafunikwa," akasema.

"Inafunikwa au inafutwa?"

"Hapa ni kitu moja."

"Na mashine haikukuonya?"

"Itanionya nini, Mwalimu? Kwake hakuna makosa. Nilisema unganisha, ikaunganisha." Akashika kipanya. "Sasa niambie tu. Nani aingie mwisho?"

Nimehukumu mambo mengi maishani. Nimewahukumu wanafunzi, wazazi wao, na wachungaji wanaohubiri wasichokifanya. Sikuwahi kuulizwa swali kama hilo. Nikimtanguliza mwanamke mmoja, ninamtoa. Nikimweka nyuma, ndiye anayebaki. Yule anayengoja kwa adabu humfunika aliyewahi, na hakuna ubaya uliotendwa mahali popote kati ya sanduku na sanduku. Nilitafuta katika fikra zangu amri iliyovunjwa nisiione.

"Abaki wa Fedha," nikasema. "Aspirini itaniumiza. Salfa itamuua."

"Hakuna haja ya kufika huko," akasema karani. "Tuwape namba tu. Mama Guka moja, Mama Guka mbili."

Nilikwenda Fedha jioni hiyo kumweleza mke mwenza. Nilimkuta akianua nguo. Alinisikiliza mpaka mwisho, shuka begani.

"Na hiyo mbili ni nani?"

"Ni mambo ya kompyuta tu."

"Nimesikia. Lakini mbili ni nani?"

Nikaanza kumwanulia nguo zilizobaki.

"Guka wangu alikuwa ashaanza kutembea wako akiwa bado tumboni," akasema. "Hiyo kompyuta ilijuaje nani ni wa pili, kama si mtu aliiambia?"

"Basi mimi nitakuwa wa pili."

"Ili mama mkwe asikie nimemfanya mke wa mwanawe mkubwa kuwa wa pili? Hapana, mke mwenza. Hiyo utaniletea kesi." Akakunja shuka, akalikunjua, akalikunja tena. "Waniandike jina langu la kanisani. Hilo halina mwingine."

Nililichukua jibu hilo kama ushindi wa busara. Jumamosi iliyofuata nilikaa kando ya karani alipofungua yale matokeo yaliyounganishwa, akaandika ndani yake jina la ubatizo la mke mwenza pamoja na onyo la salfa, na Mama Guka akanirudishia mimi na vidonda vyangu. Mistari akaiacha katika mpangilio uleule: Fedha kwanza, Umoja baadaye. Niliona majina yote mawili kwa macho yangu. Katika taarifa ya kamati niliandika kwamba kazi imekamilika vyema.

Majuma yakapita. Wakati wa likizo ya shule, mchana mmoja, nilikuwa kwenye chumba cha mbele, kile ambacho mume wangu alikuwa amekiongeza kwenye nyumba yetu kama kila jirani alivyoongeza chake, nikisoma. Mke mwenza akaingia bila kubisha. Macho yalikuwa yamewaka homa. Mkononi alikuwa na pakiti ndogo ya karatasi ya khaki kutoka zahanati.

"Nipe maji," akasema. "Nimetoka Mwea juzi. Ni malaria tena. Sista amenipa hizi, amesema nimeze zote mara moja."

Nikaifungua pakiti. Vilikuwa vile vidonge vyeupe.

"Hizi ni salfa."

"Hata mimi nilifikiria hivyo. Nikamwambia kuna dawa ilinisumbua zamani. Akaangalia kwa kompyuta, akasema mimi ninakatazwa aspirini tu." Akaketi, akaegemeza kichwa ukutani. "Nikawaza, labda ile haikuwa salfa. Labda ilikuwa kitu kingine. Wewe unakumbuka ilikuwa nini hasa?"

Ningependa kuandika kwamba nilijibu mara moja. Sikujibu. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu jina lake na onyo lake vimeingizwa. Kama sasa mashine haisemi hivyo, basi huenda daktari alitoa habari mpya, au Sista alijua jambo nisilolijua. Nikajikuta natafuta njia ya kuiamini skrini dhidi ya ngozi niliyoiona ikibaki kwenye shuka la hospitali. Mwanamke aliyeugua alikuwa ananiuliza mimi kama aliugua, na mimi nilikuwa namuuliza moyoni karani wa hesabu.

"Nipe tu maji," akasema. "Nimechoka."

Nikavirudisha vidonge ndani ya pakiti, nikaitia mfukoni mwangu, nikamshika mkono. "Twende," nikamwambia. "Utakunywa maji huko."

Zahanati haikuwa mbali, lakini tulisimama mara nyingi kando ya barabara ili apumzike. Tulipofika, Sista alifungua mlango wa chumba, akatuona kwenye benchi na kuita, "Mama Guka." Tukaitika sote wawili.

"Nani kati yenu?"

"Ndiyo shida yenyewe," nikasema, nikamrudishia vidonge.

Aliposikia habari ya ngozi, aliketi. "Nilimuuliza jina, akasema Mama Guka. Nikauliza kama kuna dawa inamdhuru, akasema kuna ingine zamani lakini hana hakika. Nikaangalia. Nikajaribu na jina lake la kanisani, halikutoka. Kungekuwa na kadi yake ile ya wino mwekundu ningeona, lakini kadi mlisema tufunge kwa kabati." Hakuwa anajitetea, aliyataja tu kwa mpangilio yalivyotokea. Akamwandikia mke mwenza kwinini, dawa chungu isiyo na salfa, akamlaza kwenye kitanda cha chumba cha ndani mpaka homa iliposhuka. Pale nilipokuwa nimekaa kando yake niligundua kwamba nilikuwa nimeshika kijiko. Sijui nilikitoa wapi.

Karani alikuja Jumamosi na kufungua masanduku yake. Haikumchukua muda. Kila alipopata majina mapya aliyaongeza katika kamusi ya Umoja, kisha akaamuru masanduku yote yafanye kazi upya tangu mwanzo. Sanduku la tatu lilimwaga kila lilichokuwa nacho na kujazwa tena kutoka kamusi zile mbili za awali, ambamo mke mwenza alikuwa bado Mama Guka. Umoja ikaingia mwisho, ikamfunika. Jina lake la ubatizo, lililoandikwa kwenye matokeo peke yake, halikuwa na mahali lilipotoka, kwa hiyo halikurudi.

"Nilisafisha maji kwenye karai, Mwalimu," akasema, akitazama mikono yake. "Mfereji nikauacha vile ulikuwa."

Hapo nilitaka sana kumkasirikia mtu. Mimi ni mtu wa zamani katika jambo hili: nimezoea kosa lenye mwenyewe. Karani alifanya kazi bila malipo na hakuficha kitu. Sista aliuliza, akaangalia, akafuata alichokiona. Mke mwenza alisema jina ambalo sote tulimwita. Mama mkwe alitaka amani. Babu mwenyewe, aliyelala kaburini, aliheshimiwa na wanawe sawasawa kama desturi inavyodai, na heshima hiyo nusura imuue mkaza mwanawe. Nilizunguka kutoka mmoja hadi mwingine na kurudi nilipoanzia, na jambo lenyewe lilibaki pale katikati bila mwenye kulibeba.

Nilipendekeza tutumie majina ya mama mkwe: Mama Guka wa Umoja, Mama Guka wa Fedha. Sista alikataa.

"Watu wa Fedha wanahama, Mwalimu. Mwenye nyumba akiongeza kodi kidogo, mtu yuko mtaa wa Pipeline. Halafu huyo wa Fedha ni nani? Mpangaji aliyeingia?" Akamgeukia karani. "Haiwezekani hiyo sanduku yako ishike zote mbili? Isifunike mtu?"

Karani akafikiri. Inawezekana, akasema. Kuna sanduku jingine ambalo, likikuta ufunguo mmoja mara mbili, huziambatanisha thamani badala ya kuifunika moja. Lakini basi haitajulikana onyo lipi ni la nani.

"Sitaki kujua ni la nani," akasema Sista. "Yeyote atakayeniambia ni Mama Guka, sitampa salfa na sitampa aspirini. Zote mbili. Mpaka mimi nistaafu."

Ikawa hivyo. Karani akalichora sanduku hilo, tukalijaribu mara nyingi, kila mara kwa kuanza tena tangu mwanzo, na kila mara maonyo yote mawili yalitoka pamoja chini ya jina letu moja. Kadi za wino mwekundu nazo zikatolewa kabatini.

Miaka mingi baadaye nilikwenda hospitali nyingine, mbali na Umoja, kwa ajili ya goti. Daktari kijana akaniuliza kama kuna dawa inayonidhuru. "Salfa," nikamjibu, bila kufikiri. Akaniuliza ilinifanya nini. Nikamweleza: midomo ilifura, ngozi ya mgongo ikabambuka, nikawa natiliwa uji kwa kijiko cha chai. Akaandika yote. Nilikuwa nimefika langoni nilipokumbuka kwamba kijiko kilikuwa mkononi mwangu, na kinywa kilikuwa cha mwingine. Nilirudi kumsahihisha. Alinisikiliza, akakata mstari mmoja, akauliza, "Una hakika sasa?" Nikamwambia nina hakika, na sauti yangu haikunisaidia.

Mwisho wa juma hilo nilimtembelea mke mwenza, ambaye kwa wakati huo alikuwa amehamia Pipeline, kama Sista alivyotabiri, katika ghorofa lenye ngazi nyembamba. Nilimkuta amefunga leso kichwani. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Nikamsimulia ya daktari, nikitarajia acheke.

"Ungeacha tu ikae," akasema. "Siku nikiulizwa nisahau, wewe utakuwa unakumbuka."

"Haiendi hivyo. Wataninyima dawa inayonifaa."

"Wamekunyima miaka yote hiyo na uko hapa."

Binti wa jirani, aliyekuwa amemletea maziwa, alimwuliza kama amnunulie aspirini pale dukani chini ya ngazi.

"Aspirini hapana," akasema mke mwenza, akiweka kiganja juu ya tumbo lake. "Mimi huniumiza vibaya."